Utunzaji wa Sampuli za Tishu na Slaidi: Kazi ya Maabara Inayobaki Baada ya Majibu Kutoka

Katika hospitali za mikoa ya Shinyanga na Geita, mgonjwa mwenye uvimbe shingoni, kidonda kisichopona au kivimbe kwenye titi huambiwa na daktari kuwa atachukuliwa kinyama kwa ajili ya uchunguzi. Kipande hicho, ambacho mara nyingi hakizidi ukubwa wa punje ya harage, ndicho kitakachoonesha iwapo mgonjwa ana saratani, kifua kikuu, kichocho au tatizo dogo lisilohitaji zaidi ya kusafishwa na kufungwa dawa. Majibu yakishatoka, mgonjwa huona kazi imekwisha. Kwa maabara ya histopatholojia, kazi ya kukitunza kipande hicho ndiyo kwanza inaanza, na huweza kuendelea kwa miaka kumi, thelathini au zaidi.

Kwa muda mrefu sampuli nyingi za tishu kutoka Kanda ya Ziwa zimekuwa zikipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza, iliyoanza kutoa huduma mwaka 1971. Kutoka mjini Shinyanga hadi Mwanza ni mwendo wa takribani kilomita 160 kwa barabara. Kutoka Geita njia ni fupi zaidi, lakini kwa miaka mingi ilikatizwa na maji ya Ziwa Victoria, na chupa ya sampuli ilisubiri kivuko kama abiria mwingine yeyote. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limeondoa subira hiyo. Hata hivyo, daraja haliwezi kurekebisha kosa lililofanyika chumba cha upasuaji kabla chupa haijafungwa, na makosa mengi yanayoharibu sampuli hutokea hapo.

Chupa, maji na fomalini

Tishu ikishatengana na mwili huanza kuoza ndani ya dakika chache, kwa kuwa vimeng'enya vya seli zenyewe huanza kuzila seli hizo. Katika joto la Shinyanga, ambalo mwezi Oktoba huvuka nyuzi 30 za Selsiasi, uharibifu huo huenda kasi. Kinachouzuia ni fomalini. Kemikali hiyo hufunga protini za seli na kuzikaza mahali zilipo, hivyo umbo la tishu hubaki kama lilivyokuwa siku ilipokatwa.

Fomalini inayotumika ni ya asilimia 10 iliyowekewa chumvi za fosfeti ili kutunza hali isiyo ya asidi wala ya besi. Maelezo ya asilimia hiyo yamewachanganya wengi. Myeyuko unaouzwa viwandani una kati ya asilimia 37 na 40 ya gesi ya fomaldehaidi. Sehemu moja ya myeyuko huo huchanganywa na sehemu tisa za maji, na kinachopatikana huitwa fomalini ya asilimia 10 ingawa fomaldehaidi iliyomo ni takribani asilimia 4 tu. Mhudumu anayedhani kuwa chupa ya kiwandani iko tayari kutumika huikausha tishu kwa nje huku ndani ikiendelea kuoza. Yule anayeongeza maji kwa kukisia, ili akiba idumu hadi mwisho wa mwezi, huihifadhi tishu katika maji yasiyo na nguvu ya kuihifadhi.

Kiasi nacho kina kanuni yake. Fomalini inapaswa kuwa mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tishu. Kwa makadirio yanayotumika maabara, hupenya takribani milimita moja kwa saa, tena hupunguza kasi kadiri inavyoingia ndani. Kinyama kidogo hutosheka kwa saa 6 hadi 24. Titi zima lililoondolewa, au mfuko wa uzazi, hauwezi kuhifadhika kwa kuzamishwa tu. Ni lazima upasuliwe kwa vipande vya nene ya sentimita moja hivi ili fomalini ifike katikati. Kiungo kilichosafirishwa kikiwa kizima ndani ya ndoo isiyotosha hufika kikiwa kigumu kwa nje na laini kama uji ndani, na uvimbe uliokuwa ukitafutwa kwa kawaida ndio ulio ndani.

Kuna pia suala linaloonekana dogo la mdomo wa chupa. Pale vyombo maalumu vinapokosekana, chupa za maji ya kunywa hutumika. Tishu huingia ikiwa laini na kujikunja. Baada ya siku mbili ndani ya fomalini imekuwa ngumu na haitoki tena ila kwa kuikata chupa au kuivuta tishu vipande vipande. Wataalamu wa maabara hupendelea kopo la plastiki lenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza, hata kama ni la bei rahisi.

Lebo iandikwe ubavuni mwa chupa, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Fomu inayoambatana na sampuli ieleze jina kamili, umri, jinsi, namba ya hospitali, sehemu ya mwili iliyokatwa, muda iliyokatwa na muda iliyoingia kwenye fomalini. Kwa wagonjwa wa mkanda wa dhahabu, kazi anayofanya mgonjwa na miaka aliyoifanya ni taarifa ya kitabibu inayostahili nafasi yake kwenye fomu. Neno "mkulima", ambalo huandikwa kwa mazoea, halimsaidii mtaalamu wa patholojia anayetazama pafu la mtu aliyesaga mawe kwenye karasha kwa miaka 12.

Kutoka kaseti hadi slaidi

Sampuli ikifika maabara hupewa namba, na kuanzia hapo namba hiyo ndiyo jina lake. Mtaalamu huipima, huieleza kwa maandishi na kuikata vipande visivyozidi unene wa milimita 4, vinavyowekwa ndani ya kaseti ndogo za plastiki. Namba huandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka ndani ya alkoholi, na kaseti isiyo na namba haimsaidii mtu yeyote.

Kinachofuata ni kuondoa maji. Nta haichanganyiki na maji, kwa hiyo tishu hupitishwa katika alkoholi inayoongezeka nguvu hatua kwa hatua, kuanzia asilimia 70 hadi alkoholi tupu, kisha katika zailini inayoiondoa alkoholi na kuifanya tishu ing'ae kama kioo, na mwisho katika nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 60 hivi. Ukirukwa mpangilio huo, au alkoholi ikitumika hadi imejaa maji, nta haiingii vizuri na tishu huchanika inapokatwa.

Mashine ya kuchakata tishu hufanya kazi hiyo usiku kucha bila msimamizi, na hapo ndipo umeme hugeuka kuwa suala la uchunguzi wa saratani. Katika mashine za mtindo wa zamani, kikapu chenye kaseti huinuliwa kutoka chombo kimoja na kushushwa kingine. Umeme ukikatika kikapu kikiwa juu, sampuli za wagonjwa wote wa siku hiyo hukauka hewani hadi asubuhi. Tishu iliyokauka hivyo haiwezi kurudishwa katika hali yake kamili, na kwa vinyama vidogo hakuna kipande cha akiba. Betri ya dharura kwa mashine hii moja ina umuhimu mkubwa kuliko kiyoyozi cha ofisi, ingawa katika orodha za manunuzi mambo hayo mawili hayapangwi hivyo kila mara.

Tishu iliyojaa nta huwekwa ndani ya kibati, hupangwa kwa uelekeo sahihi na kumiminiwa nta mpya inayoganda kuwa bloku. Uelekeo ni jambo la ustadi: ngozi isimame kwa upande ili tabaka zake zote zionekane, na mshipa ukatwe kwa upana ili uoneshe tundu lake. Bloku hupozwa kwenye barafu, kisha hukatwa kwa mikrotomu kuwa utando wa mikroni 3 hadi 5. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 hivi. Utando huo ni mwembamba kuliko chembe hiyo. Utando huelea juu ya maji ya uvuguvugu, hunyooka na kuchukuliwa kwa slaidi ya kioo.

Bakuli hilo la maji linahitaji jicho kali. Kipande kidogo cha tishu ya mgonjwa wa kwanza kikibaki kinaelea, huweza kunata kwenye slaidi ya mgonjwa wa pili, na mgonjwa asiye na saratani akasomewa saratani ya mwenzake. Uso wa maji hupanguswa kwa karatasi laini baada ya kila bloku. Ni kazi ya sekunde tano, na ni rahisi kuirusha panapokuwa na bloku 60 mezani.

Rangi za kawaida ni mbili. Haematoksilini, inayotokana na mti wa Amerika ya Kati uliopewa jina la eneo la Campeche nchini Meksiko, hupaka viini vya seli rangi ya samawati. Eosini hupaka sehemu nyingine rangi ya waridi. Samawati hiyo haitokei mpaka slaidi ioshwe katika maji yenye besi kidogo, ndiyo maana maabara mbili zenye rangi ileile huweza kupata matokeo tofauti kwa sababu tu maji ya bomba yana chumvi tofauti. Mwisho, kioo chembamba hugundishwa juu na slaidi huwa tayari kwa hadubini.

Alama nyeusi za mkanda wa dhahabu

Ubora wa maandalizi una uzito wa pekee katika eneo hili. Fomalini isiyo na chumvi za fosfeti hugeuka asidi inapokaa, kisha huungana na himoglobini ya damu na kuacha chembechembe za rangi ya kahawia iliyokaribia weusi juu ya tishu. Chembechembe hizo hufanana mno na zile zinazoachwa na vimelea vya malaria, na hata chini ya mwanga uliochujwa zote mbili hung'aa. Kanda ya Ziwa ina malaria ya kutosha; haihitaji malaria ya kutengenezwa na chupa ya fomalini iliyokaa dirishani miezi sita.

Katika mapafu ya wachimbaji hali ni ngumu zaidi. Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu, katika Wilaya ya Kahama wakati huo, mwaka 2001. Pembeni mwa migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye maduara, wanaobeba mawe na kuyasaga kwenye makarasha, mara nyingi bila maji ya kutuliza vumbi. Jiwe la dhahabu kwa sehemu kubwa ni mwamba wa kwazi, na vumbi lake ni silika. Silika ikifika ndani ya pafu haitoki. Huacha makovu ya mviringo ambayo kitaalamu huitwa vinundu vya silikosisi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka silika hiyo katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1997.

Silikosisi kwa kawaida hutambuliwa kwa picha ya eksirei na historia ya kazi, si kwa kinyama. Lakini tishu ya pafu au ya tezi za kifuani hufika maabara pale saratani inaposhukiwa, na mbele ya hadubini kovu la silika na donge la kifua kikuu huweza kukaa sehemu moja, kwa kuwa vumbi hilo humwongezea mchimbaji uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Mtaalamu hutumia mwanga uliochujwa kutafuta punje za madini, na rangi ya Ziehl-Neelsen kutafuta bakteria. Kila rangi ya nyongeza huhitaji utando mpya kutoka kwenye bloku ileile. Kama bloku haipatikani, swali hubaki bila jibu.

Umuhimu wa bloku hiyo huongezeka baada ya miaka. Silikosisi ya kawaida hujitokeza miaka kumi au zaidi baada ya mtu kuanza kuvuta vumbi, pengine akiwa ameshaacha kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, hulipa fidia kwa mwajiriwa aliyepata ugonjwa utokanao na kazi, na dai la aina hiyo husimama juu ya ushahidi wa kitabibu. Kwa familia ya mchimbaji aliyefariki, kipande cha pafu kilichokatwa wakati wa uhai wake kinaweza kuwa ushahidi pekee uliobaki wa kile alichokivuta.

Afrika Kusini imeliwekea jambo hili utaratibu wa kisheria. Chini ya sheria ya magonjwa ya migodini ya mwaka 1973, moyo na mapafu ya mchimbaji aliyefariki, kwa idhini ya familia, hupelekwa Johannesburg kuchunguzwa hata kama hakuna aliyeshuku ugonjwa, na matokeo yake yamekuwa yakiingizwa katika kanzidata ya kompyuta tangu mwaka 1975. Familia nyingi zimepata haki zao kwa njia hiyo baada ya mazishi.

Inafaa kuongeza kwamba maabara zenyewe ziliwahi kuwa watumiaji wa zebaki. Vihifadhi vya tishu kama kile cha Zenker vilitengenezwa kwa kloridi ya zebaki, na vilisifiwa kwa kuonesha viini vya seli kwa ubora. Vimeachwa kwa sababu ileile inayozungumzwa leo na wachimbaji wa Nyarugusu na Mgusu wanaokamatia dhahabu kwa zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Ghala

Slaidi moja ina urefu wa milimita 75, upana wa milimita 25 na uzito wa gramu tano hivi. Slaidi elfu moja ni kilo tano. Slaidi laki moja ni nusu tani, bila kuhesabu makabati ya chuma. Maabara inayopanga kuhifadhi slaidi zake ghorofani inapaswa kumshirikisha mhandisi wa majengo kabla ya kununua makabati. Sakafu ya chini ni bora, ilimradi iwe juu ya kiwango cha maji ya mvua za masika.

Slaidi mpya isipangwe wima siku hiyohiyo. Gundi ya kioo cha juu huonekana imekauka ilhali ndani ingali laini, na slaidi zilizobanwa mapema hushikana kiasi kwamba kuzitenganisha ni kuzivunja. Hulazwa kwenye trei siku kadhaa, kisha hupangwa kwa namba kwenye droo. Mwanga wa jua hufifisha eosini, hivyo dirisha la chumba cha kumbukumbu lifunikwe.

Bloku zina adui zake. Nta huyeyuka kuanzia nyuzi 56 hivi, lakini hulainika kabla ya hapo, na chumba chenye paa la bati lisilo na dari, au kontena la chuma lililoegeshwa juani, huweza kuzifanya bloku zishikane na tishu kuchomoza juu ya uso wake. Joto linalopendekezwa ni la chumba chenye ubaridi wa wastani, chini ya nyuzi 27, na hewa isiyo na unyevu mwingi. Mende, sisimizi na panya nao hula tishu iliyo ndani ya nta. Bloku iliyokwishakatwa ina tishu iliyo wazi upande mmoja. Kuifunika upande huo kwa tabaka jembamba la nta iliyoyeyushwa kabla ya kuiweka droo huizuia hewa na wadudu kwa pamoja. Chakula kisiingie chumbani humo, na maboksi ya karatasi yaepukwe kwa kuwa ni makazi ya mende.

Bloku na slaidi zihifadhiwe makabati tofauti, na ikiwezekana vyumba tofauti. Moto au mafuriko yakichukua slaidi, bloku zitatoa slaidi mpya. Moto ukichukua bloku, hakuna kitakachozirudisha. Ndiyo sababu pia zailini na alkoholi, ambazo ni vimiminika vinavyoshika moto kwa urahisi, hazipaswi kulala chumba kimoja na kumbukumbu, hata kwa kisingizio cha ufinyu wa nafasi.

Muda wa kutunza hutofautiana. Chuo cha Wanapatholojia cha Marekani huzitaka maabara zinazofuata viwango vyake kutunza tishu mbichi iliyobaki kwenye fomalini kwa wiki mbili baada ya majibu kutoka, na bloku na slaidi kwa miaka 10. Chuo cha Kifalme cha Wanapatholojia cha Uingereza hupendekeza miaka 30 kwa bloku pale nafasi inaporuhusu. Kwa eneo ambalo ugonjwa wa kazini hujificha zaidi ya muongo mmoja, miaka 10 ni michache.

Mfano wa jirani unaonesha faida ya subira. Katika idara ya patholojia ya Chuo Kikuu cha Kinshasa kulikuwa na bloku za nta zilizotunzwa tangu mji huo ulipoitwa Léopoldville. Mmojawapo wa wagonjwa wa mwaka 1960, mwanamke aliyekatwa kinyama cha tezi, alikutwa na virusi vya UKIMWI ndani ya bloku yake pale watafiti walipoichunguza na kuchapisha matokeo mwaka 2008, miaka 48 baadaye. Kwa kulinganisha virusi hivyo na vingine vya kale, walikadiria kuwa ugonjwa ulianza kuenea kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyeimimina nta ile hakujua kuwa ugonjwa huo upo. Alichofanya ni kuandika namba na kuiweka bloku mahali pake.

Rejista, mipaka ya mikoa na majina

Bloku isiyoonekana ina thamani sawa na bloku isiyokuwepo. Mpangilio unaodumu ni ule wa mwaka na namba ya mfululizo, bila herufi za wilaya wala za hospitali. Sababu yake inafahamika vyema Kanda ya Ziwa. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, na mwaka huohuo Mkoa wa Simiyu ulitoka Shinyanga. Mgonjwa wa Bukombe aliyepimwa mwaka 2009 yumo kwenye kumbukumbu kama mtu wa Shinyanga; akirudi leo ni mtu wa Geita. Mgonjwa wa Maswa ana historia kama hiyo. Droo zilizopangwa kwa mikoa hupoteza watu kila mipaka inapobadilishwa.

Majina nayo huhitaji uangalifu. Mchimbaji mdogo huhama kutoka Nyarugusu hadi Kakola, kutoka Kakola hadi Chunya, akifuata taarifa za duara lililotoa. Machimboni huitwa kwa jina la utani, hospitali huandikwa jina la babu, na kwenye kitambulisho cha taifa lipo jina la tatu. Rejista inapaswa kuwa na vitambulisho viwili angalau visivyotegemea jina pekee, pamoja na namba ya simu ya ndugu aliyebaki nyumbani. Majibu yasiyochukuliwa yana gharama: mtu mwenye saratani ya hatua ya kwanza hurejea akiwa na ya hatua ya nne, ilhali karatasi yake imekuwa ikisubiri dirishani.

Kumbukumbu hizo ni siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kopo lenye jina na ugonjwa likitupwa dampo bila kuondolewa lebo, sheria imevunjwa.

Usalama wa watumishi uende sambamba. Mwaka 2004 wataalamu wa kimataifa walihitimisha kuwa fomaldehaidi husababisha saratani kwa binadamu. Meza ya kukatia sampuli iwe na mfumo wa kuvuta hewa kwa chini au kwa nyuma, kwa sababu feni ya dari husambaza mvuke tu. Fomalini iliyotumika haimwagwi kwenye sinki. Tishu iliyomaliza muda wake huteketezwa kwenye tanuri la hospitali, na kiungo kama mguu hukabidhiwa kwa familia pale inapoomba kukizika.

Bloku inapoazimwa

Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road au Hospitali ya Taifa Muhimbili, madaktari wa huko mara nyingi huomba kuona slaidi zake. Slaidi hutolewa, bloku hutolewa kwa masharti. Kabla haijaondoka, maabara hukata slaidi mbili au tatu za akiba na kuzibakiza. Bloku hufungwa kwa tabaka tatu, ya ndani isiyopitisha maji, ya kati ya kufyonza mshtuko na ya nje ngumu, kisha humwelekea mpokeaji aliyetajwa kwa jina na cheo. Isisafirishwe juu ya dashibodi ya basi, ambako joto la mchana kati ya Nzega na Dodoma hutosha kuilainisha.

Mahali ilipotoka kwenye droo huwekwa kadi ya rangi yenye namba ya bloku, tarehe, jina la aliyeichukua, hospitali inakoenda na siku inayotarajiwa kurudi. Mtumishi mmoja hupitia kadi hizo kila mwisho wa mwezi na kupiga simu kwa kila iliyopitisha siku yake. Bloku ikirudi hukaguliwa chini ya mwanga kuona ni kiasi gani cha tishu kilichosalia, kiasi hicho huandikwa rejistani, uso wake hupakwa nta mpya, na kadi hutolewa.